Usiifute Rangi ya Chai: Vidokezo vya Kutazama Picha Kuukuu za Majengo

Karibu kila ukoo wa Bweremana, kando ya Ziwa Kivu, una picha kuukuu mahali fulani. Iko ukutani nyuma ya kioo, au ndani ya bahasha chini ya godoro, au katika lile sanduku la bati linalotangulia kubebwa watu wanapokimbilia Minova au Goma. Ikitolewa, hutazamwa kwa haraka: huyu ni babu, huyu ni shangazi, huyu mwenye koti simjui. Kisha inarudishwa. Hakuna anayeuliza jengo lile nyuma ya babu ni la nini, wala kwa nini pembe za karatasi zimeanza kung'aa. Vidokezo hivi vinahusu mambo hayo mawili, jengo na karatasi, kwa sababu vyote viwili vimezeeka na kila kimoja kina habari zake.

1. Mwombe babu asogee

Yaani mfunike kwa kidole gumba, ubaki na jengo peke yake. Anza na paa, maana paa ndilo hubadilishwa kabla ya vingine. Ni nyasi, vigae au mabati? Kisha shuka ukutani: miti na udongo, tofali za kuchoma, mawe meusi ya volkano, au mbao zilizopigiliwa juu ya msingi wa mawe kama nyumba nyingi za Sake na Goma. Hapo utajua nani alikuwa na fedha, nani alikuwa na tanuru, na kama barabara ilikuwa imefika. Tofali zilichomwa papo hapo, lakini mabati yalitoka mbali. Ukiona kanisa lenye ukuta mzuri wa tofali na paa la nyasi, usicheke. Mafundi walikuwepo, ila mzigo ulikuwa haujafika.

Halafu tazama vivuli. Kwetu jua linachomoza upande wa ziwa, kwa hiyo nyumba inayoelekea ziwani hupata mwanga usoni asubuhi tu. Ikiwa uso wake umeangazwa vizuri, mpiga picha aliamka mapema akausubiri mwanga. Ikiwa uso uko gizani, alipita alasiri, na pengine wapagazi walikuwa wanamwita.

2. Uwanja mtupu haukuwa mtupu

Mwaka 1838 Louis Daguerre alipiga picha ya barabara ya Boulevard du Temple mjini Paris. Barabara ilijaa watu na magari ya farasi, lakini sahani yake ya kunasia picha ilihitaji dakika kadhaa za mwanga, na kila kilichokuwa kikitembea kikatoweka. Aliyebaki akaonekana ni mtu aliyetulia kusafishwa viatu. Ndiyo maana wapiga picha wa mwanzo waliyapenda majengo: jengo haliombi ruhusa ya kupumzika.

Ila usiilete sababu hiyo hadi Kivu. Mjerumani von Götzen alifika kwenye ziwa letu mwaka 1894, na wakati huo sahani kavu za jelatini zilikuwa zimekwisha kuenea tangu miaka ya 1880. Kwa jua la hapa, sehemu ndogo ya sekunde ilitosha. Kwa hiyo uwanja mtupu mbele ya misheni au posta ya serikali haukusababishwa na kamera. Huenda kuna mtu aliyewaambia watu waondoke.

Na pale alipoachwa mmoja kando ya mlango, mara nyingi aliwekwa kama kipimo, ili mtazamaji wa Brussels ajue mlango una urefu gani. Maelezo chini ya picha hutaja jengo, mahali, pengine na padri aliyelijenga. Aliyesimama hatajwi. Huyo usimfunike kwa kidole. Mtazame mikono: mara nyingine ina udongo, na huenda ndiye aliyeupanga ukuta huo.

3. Mbingu nyeupe si ishara ya mvua

Sahani za zamani ziliiona rangi ya buluu kupita kiasi, na nyekundu hazikuiona karibu kabisa. Anga la buluu likatoka jeupe kabisa, bila wingu hata moja. Tofali nyekundu zikatoka nyeusi, na migomba ikawa kiza. Sahani zinazoona rangi zote zilianza kuuzwa mwanzoni mwa karne ya 20, na zilichukua muda kuwafikia watu. Kwa hiyo usiseme kanisa lilipakwa rangi nyeusi. Lilikuwa jekundu kama udongo wa hapo lilipojengwa.

4. Pima kuta

Simama mbele ya kanisa lolote refu, inua simu, piga. Kuta zitaegemeana juu. Sasa chukua picha ya mwaka 1910 na kitu: kuta zimenyooka wima. Kamera ile ya miguu mitatu ilikuwa na lenzi inayopandishwa juu bila kuinamisha sanduku, na mpiga picha aliitazama taswira ikiwa kichwa chini, amejifunika kitambaa cheusi, jasho likimtoka. Kuta zilizonyooka ni dalili ya fundi aliyekuja kwa ajili ya jengo. Kuta zilizoegemeana ni za mtu aliyekuwa safarini na kamera ndogo. Zote ni nzuri, lakini usizisome kwa macho yaleyale.

5. Tafuta tarehe ndani ya picha, si chini yake

Tarehe iliyoandikwa inaweza kudanganya. Kadi ya posta iliweza kuuzwa miaka mingi baada ya picha kupigwa, na muhuri wa stempu hukupa siku ya barua tu. Jengo lenyewe ni shahidi mzuri zaidi.

Jifunze kwa Zanzibar, ambako studio za Wagoa kama A.C. Gomes na ndugu wa Coutinho zilipiga picha za ufuo wa Mji Mkongwe tena na tena. Jumba la Beit al-Ajaib lilijengwa na Sultani Barghash mwaka 1883. Katika picha za mwanzo kuna mnara uliosimama peke yake mbele ya majumba, upande wa bahari. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Uingereza ziliipiga ikulu kwa mizinga kwa muda usiofika hata saa moja. Majumba ya jirani yakabomolewa na mnara ule ukaharibika. Ukarabati ulipofanyika, mnara wa saa ulijengwa ukiwa umeshikana na uso wa Beit al-Ajaib. Basi hesabu ni rahisi. Mnara ukiwa mbali na jumba, uko kabla ya vita ile fupi. Ukiwa umeshikana nalo, uko baadaye. Ukikuta kona nzima imeporomoka, hiyo ni baada ya 25 Desemba 2020. Jengo moja linakupa vipindi vitatu bila kuuliza mtu.

Kwetu kazi ni hiyohiyo, ila mashahidi ni wengine. Majina ya miji kwanza: kadi iliyoandikwa Costermansville ni Bukavu ya kabla ya katikati ya miaka ya 1950. Miji ya Stanleyville, Élisabethville na Léopoldville iliacha kuitwa hivyo mwaka 1966. Neno Zaïre linakuweka kati ya 1971 na 1997.

Kisha volkano. Lava ya Nyamuragira iliyoanza kutiririka mwaka 1938 ilishuka hadi ziwani karibu na Sake, ikabadilisha ufuo wa ghuba ya Kabuno. Picha iliyopigwa kutoka milimani, yenye ufuo ule bila ule ukingo mweusi wa mawe, ni ya kabla ya siku hizo. Goma pia: picha yoyote ya kanisa kuu la zamani la Mtakatifu Yosefu likiwa na paa na waumini ni ya kabla ya 17 Januari 2002, siku lava ya Nyiragongo ilipopita katikati ya mji na kuacha kuta tu. Picha ile ya ubatizo iliyopigwa kwenye ngazi zake, ambayo mwenye nyumba anaiona ya kawaida, sasa ni hati ya ujenzi. Itunze hivyo.

6. Pindua

Nyuma ya picha kuna mambo ambayo mbele hayapo. Tafuta jina la karatasi. Gevaert ilikuwa kampuni ya Ubelgiji, karibu na Antwerp, na picha nyingi za Kongo ya kikoloni zilichapwa kwenye karatasi yake. Iliungana na Agfa mwaka 1964, kwa hiyo majina mawili yaliyounganishwa kuwa moja yanakuambia kitu. Muhuri wa Congopresse au Inforcongo ni wa huduma za habari za serikali ya kikoloni baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Picha hizo ni safi, zimepangwa vizuri, na kila kitu ndani yake kinacheka. Shule ina madirisha, hospitali ina mashuka meupe. Ziamini kuhusu madirisha. Kuhusu kicheko, waulize wazee.

Ukitaka kujua kama ni picha halisi au ni karatasi iliyopigwa chapa kiwandani, weka kioo cha kukuzia, au sogeza kamera ya simu mpaka karibu kabisa. Ukiona vitone vilivyopangwa kwa mistari, ni chapa. Vivuli vikififia taratibu bila vitone, huenda ni picha iliyotoka chumba cha giza. Kadi za Casimir Zagourski, aliyekuwa na studio Léopoldville na kuzunguka hadi mashariki ya nchi katika miaka ya 1930, ni picha halisi zilizochapwa kwa ukubwa wa kadi. Ukimkuta mtu anataka kufungia karanga kwa moja ya hizo, mnunulie karanga, uichukue karatasi.

7. Uliza nani alishika kamera

Tumezoea kudhani alikuwa Mzungu. Mara nyingi ndivyo ilivyokuwa, lakini si mara zote. Herzekiah Andrew Shanu, mzaliwa wa Nigeria ya leo, alifika Boma miaka ya 1880 kama mtumishi wa serikali ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, kisha akafungua biashara zake mwenyewe, studio ya picha ikiwemo. Boma ilikuwa mji mkuu wakati huo, na majengo yake makubwa yalikuwa ya chuma, yaliletwa kwa meli vipande vipande kutoka Ulaya na kufungwa kwa boliti. Hata kanisa lilikuwa la chuma, na bado lipo. Picha za Shanu zilichapishwa katika jarida la Le Congo illustré, mbele ya wasomaji wa Ubelgiji ambao pengine hawakujali ni nani aliyezipiga. Baadaye alisaidia kufichua maovu ya utawala uleule aliokuwa ameutumikia, biashara yake ikasusiwa, na mwaka 1905 akajiua. Ukilijua hilo, picha tulivu ya jengo la serikali huwezi kuitazama kwa utulivu tena.

8. Soma uzee wa karatasi

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Wanauona uzee kuwa uchafu, kumbe ni kumbukumbu ya jinsi picha ilivyotengenezwa na mahali ilipoishi.

Rangi ya chai kwenye sehemu zilizopaswa kuwa nyeupe, karatasi nyembamba iliyobandikwa kwenye kadi ngumu: hiyo ni karatasi ya ute wa yai, aliyoitangaza Mfaransa Blanquart-Evrard mwaka 1850, ikatawala hadi miaka ya 1890. Ute ule hugeuka wa manjano kwa asili yake. Mbingu nyeupe ya kidokezo cha 3 imegeuka jioni ya milele, na mimi sioni ubaya wake.

Weusi ulioanza kung'aa kibuluu kwenye kingo, unaoonekana ukiinamisha picha dirishani: hiyo ni picha ya jelatini na madini ya fedha. Unyevu na hewa chafu hulegeza fedha ndani ya picha, ikapanda juu na kuganda tena kama kioo chembamba. Hutokea kingoni kwanza kwa sababu hewa huingilia hapo. Ndiyo sababu picha ya katikati ya albamu huzeeka polepole kuliko ya juu.

Mabaka ya kahawia yasiyo na mpangilio ni lawama ya siku ya kwanza. Dawa ya fiksa haikuoshwa vya kutosha, ikaendelea kula fedha kimyakimya. Ukiona alama ya kidole ya kahawia pembeni, huyo ni mtu wa chumba cha giza aliyeishika kwa mkono wenye dawa, miaka themanini iliyopita. Amekuachia saini.

Vidoti na nyuzi za kuvu havihitaji maelezo marefu kwa mtu wa ziwani. Jelatini ni chakula, na unyevu ni mwaliko.

Picha za rangi za miaka ya 1970, zile za arusi na mashati ya kola ndefu, zimegeuka nyekundu kwa sababu rangi ya kibuluu ndani yake ilikuwa dhaifu, ikafifia hata gizani. Nyasi mbele ya parokia zinaonekana zimeungua. Hazikuungua.

Na kuna jambo letu wenyewe. Upepo mara nyingi huusukuma moshi wa Nyiragongo kwenda magharibi, yaani upande wa Masisi, na moshi huo una salfa. Kila mwenye nyumba anajua jinsi mvua yake inavyokula mabati. Karatasi haiipendi asidi ya mvua hiyo, na fedha haiipendi salfa. Picha ileile ingebaki Brussels ingezeeka kwa namna nyingine.

9. Mikono chini

Usiipanguse kwa kitambaa chenye maji. Usiibandike selotepu. Usiikate kingo ili itoshe kwenye fremu, maana kingo ndizo zenye namba na jina la studio. Kama imegandamana na kioo, usiivute: iache na kioo chake, uipige nakala hivyohivyo. Ikilowa mvua pamoja na nyingine, usisubiri zikauke zikiwa rundo. Zitenganishe zikiwa bado mbichi, ndani ya maji safi kama zimeshikana, kisha zilaze uso juu kivulini.

Na zaidi ya yote, usiipeleke kufungwa plastiki ya moto kwa wale wanaofunga kadi za mpiga kura. Najua nia ni njema, na wakati wa kukimbia plastiki inazuia mvua. Lakini moto na gundi vinaingia ndani ya picha na havitoki tena. Bahasha ya karatasi kwanza, kisha mfuko wa plastiki usiobana wakati wa safari tu. Mkifika, itoeni ipumue.

10. Iogope simu inayojua kila kitu

Kuna programu zinazopaka picha rangi na kunyoosha kila kilichofifia. Wajukuu wanazipenda. Shida yake ni kwamba hazikumbuki kitu, hukisia. Dirisha lililofifia litarudi na vioo ambavyo havikuwepo, nyasi za paa zitageuka vigae, na mawe ya volkano yatapakwa rangi ya tofali za nchi nyingine. Kwa uso wa babu kosa hilo mtaligundua, kwa kuwa mnamjua. Kwa jengo lililobomoka hakuna wa kusahihisha. Tengeneza nakala hiyo ya kupendezea kama unataka, lakini iandike jina lingine na usiifute ile ya kwanza.

Nakala nzuri ni rahisi: weka picha kivulini karibu na mlango, zima flashi, shika simu sambamba na karatasi, acha kingo zote zionekane. Piga mbele, piga nyuma. Inamisha kidogo upige tena ule mng'ao wa kingo, kwani nao ni sehemu ya picha.

11. Linganisha

Jicho hujifunza kwa kuona nyingi. Makumbusho ya Tervuren, karibu na Brussels, yana hazina kubwa ya picha za Kongo, na ni haki yetu kuuliza kilichomo. Mkusanyiko wa Winterton, ulioko Chuo Kikuu cha Northwestern nchini Marekani, una picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki za kati ya 1860 na 1960, na zinatazamwa bure kwenye intaneti. Tazama milango ya Zanzibar, stesheni za reli, maboma ya Wajerumani, kisha rudi kwenye picha ya nyumbani. Utaona vitu ulivyokuwa ukivipita.

12. Penseli

Kalamu ya wino hupenya au huchafua picha inayofuata. Tumia penseli laini, bila kukandamiza, nyuma na pembeni: jina la jengo, kijiji, majina ya watu, na nani alikuambia. Hilo la mwisho lina uzito, kwa sababu mzee mmoja atasema ni dispensari na mwingine atasema ni ghala la kahawa. Andika yote mawili. Kisha mtumie nakala ndugu aliye Goma, Kampala au mbali zaidi, ili picha isiwe katika sanduku moja tu. Na ukiwa na picha ya Bweremana, Shasha au Kirotshe iliyopigwa kabla ya 1960, usimuuzie mpita njia anayetoa dola chache kabla hujaipiga nakala mbele na nyuma na kuipeleka nakala hiyo parokiani au shuleni.